Kisima Mali ya Yatima: Juu ya Kilimo Endelevu katika Nchi Isiyo na Mto

Mzungumzaji wa Kiswahili anayefika Riyadh hahitaji mkalimani ili alielewe jina la mji. Ni wingi wa raudha, neno tunalolijua kutokana na ile sehemu ya Msikiti wa Mtume mjini Madina ambamo mahujaji husubiri zamu ili wasali rakaa mbili. Maana yake ni bustani. Mji huu wa bustani umejengwa juu ya uwanda wa Najd, katika nchi isiyo na hata mto mmoja wa kudumu, na jina halikuwa dhihaka. Ulikua kandokando ya Wadi Hanifa, bonde ambamo maji ya mvua chache hupita kwa siku kadhaa kisha huzama ardhini, na humo palikuwa na visima, mitende, na vishamba vya ngano na shayiri chini ya kivuli cha mitende hiyo. Leo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Riyadh hutoka Ghuba, umbali wa zaidi ya kilomita 400, yakiwa yameondolewa chumvi huko Jubail na kusukumwa kwa mabomba hadi uwanda ulioinuka karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Bustani inanyweshwa na bahari.

Nauanzia mji huu kwa sababu unalikaza swali ambalo huku kwetu, kwenye mito na mvua za masika, tunaweza kulikwepa kwa miaka mingi. Tunaposema kwamba kilimo cha mkulima mdogo ni endelevu, tunasifu nini hasa: tabia yake, udogo wake, au unyonge wake?

Neno endelevu lenyewe limetuingilia kwa njia ya ripoti na miradi, likakaa kama mgeni aliyepewa kiti cha mwenye nyumba. Limeundwa kutokana na kuendelea, kitenzi kilekile kilichotuzalia maendeleo. Kwa hiyo katika Kiswahili cha leo, anayetaka kusema kwamba jambo lina mpaka unaopaswa kuheshimiwa hulazimika kutumia neno lisemalo kwamba jambo hilo lisikome. Lugha yetu ilikuwa na maneno mengine: kiasi, kadiri, kutosheka. Hayo ni maneno ya mpaka. Sidai kwamba endelevu lifutwe, kwani limekwisha kuzoeleka, na vita dhidi ya msamiati aghalabu havina mshindi. Lakini msomaji avumilie nikilitumia kwa tahadhari.

Hadi katikati ya karne iliyopita, mkulima wa Najd aliteka maji kwa nguvu za ngamia, punda au ng'ombe. Mnyama alifungwa kamba iliyopita juu ya kapi la mbao, akateremka njia ya mteremko iliyochimbwa kando ya kisima; ndoo kubwa ya ngozi ikapanda, ikajimwaga katika birika, na mnyama akarudi juu kuanza tena. Kazi hiyo ilifanywa mchana na usiku, na mlio wa makapi ni miongoni mwa sauti ambazo wazee wa Najd huzitaja wanapoyakumbuka maisha ya zamani. Shamba lilikuwa dogo kwa sababu ngamia huchoka. Maji yaliyotoka kisimani kwa mwaka hayakuzidi sana yale ambayo mvua na mafuriko ya bondeni yaliweza kuyarudisha.

Je, mtu huyu alikuwa mkulima endelevu? Kwa vipimo vya wataalamu wa siku hizi, jibu ni ndiyo bila shaka: alitumia samadi, alichanganya mazao, hakuchoma mafuta, hakumaliza maji. Hata hivyo, mtu asiyeiba kwa kuwa ukuta ni mrefu hatumwiti mwaminifu. Tutamjua siku atakapopewa ngazi.

Ngazi ilikuja. Al-Kharj, yapata kilomita 80 kusini-mashariki ya Riyadh, palikuwa na mashimo makubwa ya asili yaliyojaa maji, na katika enzi ya Mfalme Abdulaziz pampu zilifungwa hapo ili kumwagilia mashamba ya serikali; ujumbe wa kilimo kutoka Marekani, ulioongozwa na Karl Twitchell, ulizuru nchi mwaka 1942 kutoa ushauri. Hayo yalikuwa madogo. Makubwa yalikuja baada ya 1973. Nchi za Kiarabu zilikuwa zimetumia mafuta kama silaha, na Riyadh ikahofia kwamba wenye nafaka nao wangeweza kuitumia nafaka yao vivyo hivyo. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Serikali ikaanza kununua ngano ya wakulima wake kwa riyali 3,500 kwa tani, bei iliyokuwa mara kadhaa ya ile ya soko la dunia. Jangwani yakatokea mashamba ya duara, kila moja likizungukwa na bomba refu lenye magurudumu. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilijitosheleza kwa ngano, na mwaka 1992 ilivuna zaidi ya tani milioni 4, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani.

Maji yalitoka katika matabaka ya miamba ya chini sana, yaliyojaa maelfu ya miaka iliyopita, wakati Bara Arabu lilipokuwa na mvua. Ukiyateka, hayarudi kwa kipimo chochote cha maisha ya binadamu. Mtafiti Elie Elhadj alikadiria kwamba kati ya 1980 na 1999 kilimo cha Saudia kilitumia mita za ujazo bilioni 300 za maji, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya aina hiyo isiyorejea. Huko al-Aflaj, takriban kilomita 300 kusini ya Riyadh, palikuwa na maziwa ya Layla, ambamo watu walikuwa wakiogelea. Jina la wilaya yenyewe ni wingi wa falaji, ile mifereji ambayo ndugu zetu wa Oman wanaijua vizuri. Katika miaka ya 1990 maziwa hayo yalikauka, yakabaki mashimo meupe. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza ununuzi wa ngano hatua kwa hatua hadi ukome mwaka 2016, ingawa baadaye iliruhusu tena kilimo hicho kwa kiwango chenye mipaka.

Hapa masimulizi yaliyozoeleka hutaka kumgawanya mwenye hatia na asiye na hatia. Faida kubwa ya ruzuku ilikwenda kwa makampuni na wenye mashamba makubwa, na hilo halina ubishi. Ila mkulima mdogo naye alikopa, akanunua pampu yake, na kisima cha jirani kilipopungua, yeye alichimba zaidi ili asiachwe. Hakuna aliyebakia na ngamia wake kwa ajili ya maadili. Silisemi hili ili kumshutumu. Ningelifanya vivyo hivyo, na nina shaka na msomi yeyote anayedhani kwamba yeye asingelifanya. Ninachosema ni kwamba ngamia alipoondoka, kikomo kiliondoka naye, na hapakuwa na kitu kingine kilichokuwa kimewekwa mahali pake.

Maji yasiyorejea yana tatizo la kifalsafa ambalo neno endelevu haliwezi kulibeba. Msitu unaweza kuvunwa kwa kadiri ya unavyoota. Maji ya kale hayaoti. Tone lolote unaloteka ni upungufu wa daima, na kwa hiyo, tukishika maana ya neno hilo kwa ukali, hakuna namna endelevu ya kuyatumia: ama uyaache milele, au uyamalize polepole. Kuyaacha milele nako hakuna maana, kwani kila kizazi kitaambiwa kiyaache na hakuna atakayekunywa. Tunahitaji fikra ya aina nyingine, nami naiona katika sheria ambayo kila mtoto wa madrasa katika pwani yetu ameisikia: sheria ya mali ya yatima.

Wasii wa yatima ameshika mali isiyo yake, na mwenyewe bado hawezi kusema. Sheria haimwambii wasii asiiguse kabisa. Inamwambia kwamba akiwa tajiri ajizuie, na akiwa fukara ale kwa kadiri inayokubalika. Na siku ya kukabidhi, pawepo mashahidi. Wasiozaliwa ndio mayatima wetu. Tukilishika jambo hili, tunapata tofauti ambayo hesabu ya mita za ujazo haitupi. Mkulima wa al-Aflaj anayemwagilia mitende ya kuilisha nyumba yake amekula kama wasii fukara. Dola yenye mafuta inayoteka maji ya kale ili iuze ngano nje imekula kama wasii tajiri, na pengine mbele ya macho ya yatima mwenyewe, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa Layla mwaka 1985 aliliona ziwa na akaliona shimo. Udogo wa mkulima, basi, haumfanyi kuwa mwema. Unampa ruhusa, na ruhusa hiyo ina kiasi. Akiwa hana wa kumwonyesha kiasi hicho, hata fukara atakula hadi amalize.

Ni nani basi wa kumwonyesha? Hapo ndipo ninapoikumbuka hima. Ukitoka Jeddah na kupanda milima ya Sarawat kuelekea Taif, unaingia katika nchi ambamo jamii zilikuwa zikifunga sehemu za malisho kwa makubaliano. Desturi hii ni ya kale kuliko Uislamu. Uislamu uliwanyima wakubwa haki ya kujifungia malisho kwa manufaa yao wenyewe, na ukaibakisha hima ya maslahi ya watu. Omar Draz, mtaalamu wa malisho aliyeichunguza kwa niaba ya FAO katika miaka ya 1960, alikadiria kwamba palikuwapo na takriban hima 3,000, na akaeleza aina zake. Palikuwa na hima ambamo mifugo haikuingia kabisa lakini majani yaliweza kukatwa kwa mkono wakati wa ukame. Nyingine zilifunguliwa kwa msimu. Nyingine ziliweka mpaka wa idadi na aina ya wanyama. Nyingine zilihifadhiwa kwa ajili ya nyuki hadi maua yapite. Na nyingine zililinda miti. Aliyevunja alilipa, mara nyingine kwa mnyama wake.

Tofauti kati ya hima na kisima cha ngamia ndiyo kiini cha makala haya. Kwenye kisima, mkulima alizuiwa na kamba na mgongo wa mnyama. Kwenye hima, hakuna kilichomzuia mfugaji kuwaingiza mbuzi wake usiku ila neno lililosemwa mbele ya majirani. Alikuwa na uwezo, akajizuia, na akawazuia wenzake. Huo ndio wema ninaoweza kuusifu bila kigugumizi.

Mwaka 1953 amri ya kifalme ilifungua malisho yote kwa raia wote. Ni rahisi kuilaani amri hiyo kutokana na yaliyofuata, yaani malori ya kubeba maji na mifugo, makundi makubwa ya kondoo, na milima iliyobaki uchi. Lakini tuisome kwa haki. Hima ilikuwa ya kabila au kijiji, na mgeni aliyefika na ngamia wenye njaa alifukuzwa. Dola mpya ilitaka raia walio sawa, na kuna Hadithi mashuhuri isemayo kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Amri ilisema kwa hakika jambo zuri: mlango uwe wazi kwa kila mtu. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyebaki mlangoni.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni, makala ya Garrett Hardin ya 1968 ilisomeshwa kana kwamba ni sheria ya uvutano: malisho ya wote huishia kuharibiwa na wote. Nilijibu mtihani kama nilivyotakiwa. Ilinichukua miaka kutambua kwamba malisho anayoyaeleza, yasiyo na mlinzi wala kanuni, hayakuwa hali ya asili ya wafugaji. Aghalabu ni kitu kilichotengenezwa na amri. Elinor Ostrom, aliyetuzwa Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi jamii zinavyojiwekea kanuni na kuzisimamia. Mfugaji wa Taif angeweza kumwonyesha Hardin jambo hilohilo kwa alasiri moja.

Nasi hatuna haja ya kuvuka bahari kulithibitisha. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na mifugo dhaifu. Ni hima kwa jina jingine. Kabla na baada ya uhuru ngitili zilipigwa kwa njia nyingi: ufyekaji wa misitu ili kuangamiza mbung'o, upanuzi wa pamba, kisha kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ambako familia iliondolewa pale ilipokuwa na ngitili yake na kupelekwa pale isipokuwa na neno. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kugawa miche. Ulifanikiwa kweli pale ulipoacha kuhubiri na kuirudishia mikutano ya kimila, dagashida, mamlaka ya kufunga na kutoza faini. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 zilikadiriwa kuwa zimerejeshwa. Dosari yake ni ileile ya hima: wenye ng'ombe wengi walinufaika zaidi, na asiye na ng'ombe wala ardhi aliangalia ua kutoka nje. Kila ua una mtu aliye nje. Swali la haki ni kama mtu huyo ana mahali pa kupeleka neno lake.

Jeddah inalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Mji huu, mlango wa mahujaji waliofika kwa majahazi na meli kutoka kwetu, haukuwa na maji matamu ya kutosha. Uliishi kwa birika za mvua, kwa maji yaliyouzwa kwa viriba, na kwa mtambo wa kuchemsha maji ya bahari ulioletwa katika zama za Waturuki, ambao watu waliuita kindasa. Mwaka 1947 Mfalme Abdulaziz aliweka wakfu wa Ain al-Aziziyah, na mabomba yakaleta maji ya chemchemi za Wadi Fatima hadi mjini. Mji ulisherehekea, na ulikuwa na haki ya kusherehekea. Bonde hilo lilikuwa likilisha Makka na Jeddah kwa tende na mboga. Motoko Katakura, mwanaanthropolojia wa Japani aliyefanya utafiti humo mwishoni mwa miaka ya 1960, aliikuta jamii ambayo maji yake yalikuwa yamekwisha kuelekezwa mjini na kilimo chake kikidhoofika.

Je, palitendeka dhuluma? Kwa kanuni ya yatima, mwenye kiu ana haki ya kunywa, na haji mgonjwa gatini hawezi kuambiwa angoje mitende inyweshwe kwanza. Nisingeweza kuwatetea wakulima wa Wadi Fatima dhidi yake. Lakini shida huisha. Kuanzia mwaka 1970 Jeddah ilianza kupata maji kutoka kiwanda cha kisasa cha kuondoa chumvi, na shida ya mji ikapata dawa nyingine. Mitende iliyokauka haikurudi pamoja na dawa hiyo. Ruhusa ya shida inapaswa kuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo hupangwa vizuri pale tu anayetoa anapokuwa ameketi na anayepokea.

Uamuzi wa kuacha ngano nao ulikuwa na mtu aliye nje ya ua. Riyadh ilipoanza kuyahifadhi maji yake, iliwahimiza wawekezaji wake kulima ng'ambo, na mwaka 2009 Mfalme Abdullah alikabidhiwa mpunga wa kwanza uliovunwa Ethiopia. Huko Gambella kampuni ya Saudi Star ilikodishwa hekta 10,000 karibu na bwawa la Alwero, katika nchi ya Waanuak, na mwaka 2012 watu wenye silaha waliishambulia kambi yake na kuua. Arizona, ambako kampuni tanzu ya Almarai ililima alfalfa ya kuwalishia ng'ombe wa Saudia kwa maji ya chini ya ardhi, gavana Katie Hobbs alitangaza mwaka 2023 kufuta mkataba na kutorefusha mingine. Mwanuak hana gavana. Maji yaliyookolewa Najd yalitekwa pengine, na mahali palipokuwa na dola yenye sauti tu ndipo mkataba ulipovunjwa.

Mwaka 2019 Saudia ilizindua mpango wa maendeleo vijijini uitwao Reef, unaowasaidia wakulima wadogo wa kahawa ya Jazan, waridi la Taif, asali, na nafaka za mvua. Nafurahi. Ila naona pia jinsi sifa za mkulima mdogo zinavyorudi katika semina za kila nchi, yetu ikiwamo, na mara nyingi kinachosifiwa ni kwamba hana kitu. Sasa anapata kitu. Pampu ya umeme wa jua haichoki kama ngamia, wala haidai dizeli. Ikishanunuliwa, tone la ziada halimgharimu mwenyewe chochote.

Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kuna mashamba ya zabibu, na kuna visima ambavyo vimeulisha mji huo maji kwa miongo mingi. Maji yake, tofauti na ya Najd, hurejea, lakini kwa mkupuo, katika miaka michache ya mvua kubwa kama ile ya El Niño, na kati ya mikupuo hiyo kina hushuka tu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, mji unakua. Mzee mmoja mwenye shamba la zabibu, aliyekuwa akiwaza kununua pampu kama ya jirani yake, alinisikiliza nikimsimulia habari za Layla na za hima za Taif. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "nikiyaacha haya maji chini, nani atayaacha pamoja nami?" Nikamwambia, mzee wangu, ndiyo maana ya baraza: nyote mnaoteka hapa mketi, mkubaliane. Akanitazama, akaelekeza mkono upande wa kusini, ambako usiku taa za mji huonekana, akauliza kama na huyo naye angekuja kuketi.